Tarehe 20 bila kukesha: mwongozo kamili wa kupanga upya kazi katika ofisi ndogo

Ofisi ndogo ya uhasibu Dar es Salaam utaitambua kwa taa zake. Tarehe 5 na 6 zinawaka hadi saa 4 usiku, kwa sababu kodi ya mishahara, yaani PAYE, inatakiwa iwe imewasilishwa tarehe 7. Tarehe 18 hadi 20 zinawaka tena, safari hii kwa ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani. Pita tarehe 10 saa 5 asubuhi, utakuta watu wanabishana Simba na Yanga. Mwisho wa mwezi mkuu wa ofisi anasema vijana hawajitumi, vijana wanasema kazi imezidi watu. Mara nyingi wote wamekosea. Kazi imekaa vibaya ndani ya mwezi, na nyingi imeachwa katikati. Mtu huchoshwa na kazi anayoifanya, lakini huchoshwa zaidi na zile tano alizozianza na hazijaisha.

Mwongozo huu ni wa wiki 12, kwa ofisi ya watu 5 hadi 15. Mfano wetu ni uhasibu kwa kuwa tarehe zake hazina mjadala, ila wenye ofisi za kutoa mizigo bandarini, uchapishaji au mradi wa wafadhili watabadilisha majina tu. Mtahitaji daftari dogo kwa kila mtu, ubao mweupe wa kama mita moja na nusu kwa mita moja, kadi za manila zilizokatwa ukubwa wa kiganja, na mkuu wa ofisi aliyekubali kwamba naye atapimwa.

Kwanza, sheria

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada ni za makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Ukijumlisha na za ziada, siku moja haivuki saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili kupumzika angalau dakika 60. Kati ya kutoka leo na kuingia kesho zipite saa 12, na kila wiki kuwe na saa 24 za mapumziko mfululizo. Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na vifungu vya saa, jambo linaloeleza kwa nini mameneja ndio huchoka wa kwanza. Zanzibar na Kenya zina sheria zao, na namba zake si hizi.

Sasa zirudie zile taa. Mhasibu aliyeingia saa 2:00 asubuhi, akala mchana kwa saa moja na kutoka saa 4:00 usiku amefanya kazi saa 13. Akirudi kesho saa 2:00 amepumzika saa 10, na humo ndani mna foleni ya kwenda na ya kurudi. Mipaka miwili imevukwa kwa siku moja, na hakuna aliyekusudia kuvunja sheria.

Mwili nao una hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Siku tano za saa 13 ni saa 65.

Wiki ya 1 na 2: pimeni kabla ya kubadilisha chochote

Anzeni tarehe 8 au 9 ili siku kumi za kazi ziifikie tarehe 20. Mkipima wiki ya utulivu mtapata majibu ya utulivu.

Kila mtu anagawa siku kwa vipande vya nusu saa. Kila kipande kinapoisha anaandika herufi moja tu:

K – kazi ya mteja inayosonga mbele
S – kusubiri (nyaraka, sahihi, mtandao, umeme)
U – kurudia kilichokwisha kufanywa
M – kukatizwa na simu, maswali au ujumbe
V – kikao

Jioni, kabla ya kufunga daftari, anaandika namba ya uchovu kuanzia 1, bado nina nguvu, hadi 5, sina kitu kilichobaki. Hakuna maelezo wala sentensi. Zoezi likizidi dakika tano kwa siku watu watalijaza Ijumaa kwa kubahatisha.

Linaloharibu hatua hii ni woga. Watu wakidhani daftari ni mtego, wote watakuwa na K kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo mkuu ajaze la kwake na alisome mbele ya wote kabla ya wengine, na jumla itolewe ya ofisi nzima bila majina. Daftari likitumika mara moja tu kumsema mtu, msitegemee tena namba za kweli katika ofisi hiyo.

Mkishajumlisha, K ziacheni kwanza. Angalieni S na U, kisha muulize kila U ilitoka wapi. Katika uhasibu asili zake ni chache na hujirudia: risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) isiyo na TIN (namba ya mlipakodi) ya mnunuzi, taarifa ya benki iliyoruka kurasa, mauzo yaliyotumwa kwa sauti ya WhatsApp, na risiti zilizofifia. Hii ya mwisho ni ndogo lakini inakula saa nyingi. Karatasi ya EFD huandikwa kwa joto, si kwa wino. Risiti ya mafuta iliyokaa wiki tatu juu ya dashibodi ya gari hufika mezani ikiwa nyeupe, na mhasibu huigeuza kwenye mwanga wa dirisha akitafuta namba. Dawa yake ni mteja kuipiga picha siku ileile anayoipokea. Sekunde kumi kwake zinamwokoa mhasibu dakika ishirini za tarehe 19.

Wiki ya 3: ubao, na kikomo cha kazi zilizo wazi

Chora safu tano: Haijaanza, Inafanyika, Inasubiri mteja, Inasubiri mkuu, Imekamilika. Kila kazi ina kadi yake yenye namba ya faili, aina ya kazi, tarehe ya mwisho na herufi za jina la anayeishika. Andikeni namba ya faili, si jina la mteja, kwa sababu wageni wanaopita hawapaswi kujua nani anadaiwa nini.

Kisha wekeni kikomo: hakuna mtu mwenye kadi zaidi ya tatu kwenye Inafanyika. Akitaka ya nne, amalize moja kwanza au aisogeze kwenye Inasubiri kwa sababu inayoonekana.

Watu watapinga, maana inaonekana kama kujipunguzia kazi. Waonyesheni hesabu, iliyothibitishwa na mtafiti John Little mwaka 1961 na ambayo wenye viwanda wanaitumia hadi leo: muda wa wastani ambao kazi inakaa ofisini ni idadi ya kazi zilizo wazi, igawanywe kwa idadi zinazokamilika kwa wiki. Mkiwa na mafaili 36 wazi na mnamaliza 12 kwa wiki, kila faili linakaa wiki tatu. Mkibaki na 18 wazi na kasi ikiwa ileile, faili linakaa wiki moja na nusu. Hakuna aliyeongeza mbio. Mteja anayesubiri faili lake wiki moja na nusu hupiga simu mara chache kuliko wa wiki tatu, kwa hiyo na zile M za daftarini zinapungua.

Mambo mawili yatakwenda mrama. La kwanza, kadi zitajificha kwenye Inasubiri mteja. Kila kadi inayoingia pale iandikwe tarehe kwa kalamu nyekundu, na ikifika siku ya tatu mkuu mwenyewe ndiye apige simu. Wateja wengi wanaomzungusha kijana wa ofisini miezi humjibu mkuu dakika ileile. La pili, kila mteja atakuwa wa haraka. Ruhusuni kadi moja tu ya haraka kwa ofisi nzima kwa wakati mmoja. Ya pili ikija, mkuu achague mbele ya ubao ipi inangoja.

Safu ya Inasubiri mkuu ndiyo inayouma. Katika ofisi nyingi ndiyo ndefu kuliko zote. Tengeni nusu saa mbili kwa siku, saa 5:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri, za sahihi na idhini tu.

Kabati na mafaili ya kompyuta yasafishwe wiki hiyohiyo. Mbinu ya Kijapani ya 5S ya kupanga mahali pa kazi, ambayo hospitali nyingi za umma nchini wanaijua kwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, inatosha kabisa. Siku moja ya Jumatano, bila wateja, na chakula cha mchana kilipiwe na ofisi.

Wiki ya 4 na 5: kuusawazisha mwezi

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, kwa hiyo msiharakishe.

Tuseme mna wateja 40 wa VAT, na ritani moja inachukua saa 3 kuanzia risiti hadi kuwasilisha. Jumla ni saa 120. Wahasibu watatu wakifanya saa 8 kila mmoja, hiyo ni kazi ya siku tano kamili. Nyaraka zote zikifika tarehe 16, kila saa hadi tarehe 20 imekwisha kupangiwa kazi, na hapo hatujahesabu Jumamosi na Jumapili zikiangukia katikati, simu, wala umeme kukatika. Ndiyo maana mnakesha. Saa hizohizo 120 zikitawanywa siku tisa za kazi, kati ya tarehe 6 na 17, kila mhasibu ana chini ya saa nne na nusu za VAT kwa siku, na sehemu nyingine ya siku inabaki kwa kazi nyingine.

Wagaweni wateja makundi matatu. Kundi A ni wenye risiti chache na walio nadhifu: nyaraka zifike tarehe 4. Kundi B tarehe 8. Kundi C ni wakubwa, na hao walete mara mbili: tarehe 17 za nusu ya kwanza ya mwezi, kisha tarehe 5 ya mwezi unaofuata za nusu ya pili. Mteja mkubwa anayeleta bahasha ya kaki moja iliyojaa mwezi mzima ndiye anayewakesha, wala si wale thelathini wadogo.

Tarehe zenu za ndani ziwe tarehe 5 kwa PAYE na tarehe 17 kwa VAT. Siku hizo mbili au tatu za akiba ni bima: siku ya mwisho ndiyo kila mhasibu nchini anataka kuingia kwenye mfumo uleule wa kodi.

Ujumbe kwa mteja uende mwezi mmoja kabla, kwa maandishi, ukifuatiwa na simu ya mkuu. Kwa mfano:

"Ndugu mteja, salaam. Kuanzia mwezi ujao tutapokea nyaraka zako za VAT kila tarehe 8. Zikifika siku hiyo, ritani yako itawasilishwa kabla ya tarehe 17 na utapata muda wa kuandaa malipo. Zikifika baada ya tarehe 14, tutazifanya kwa zamu baada ya waliowahi, na gharama ya saa za ziada itaongezwa kwenye ankara kama tulivyokubaliana. Risiti zipigwe picha siku unayozipokea, na zote ziwe na TIN yako. Asante kwa ushirikiano."

Sentensi ya gharama ina maana tu kama imo kwenye mkataba, kwa hiyo wekeni kifungu hicho kwanza. Na ikitokea, fedha hiyo iende kwa aliyekaa usiku. Ofisi inayomtoza mteja kwa usiku ambao mfanyakazi hakulipwa imehamisha tatizo tu.

Robo za mwaka nazo zina mawimbi: awamu za kodi ya makadirio kwa wanaofuata mwaka wa kalenda huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na Juni hukutana na ritani za mwisho wa mwaka. Ziandikeni juu ya ubao mwezi Januari, na msipokee mteja mpya mkubwa Juni.

Wiki ya 6: simu, maswali na saa za utulivu

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kumaliza, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza na ya pili huifanya vibaya. Kila mhasibu analijua hilo: unaoanisha taarifa ya benki na daftari la fedha, umefika mstari wa 140, mtu anauliza "hivi lile faili liko wapi?", na unaanza tena mstari wa kwanza.

Wekeni saa 3:00 hadi 5:00 asubuhi kuwa za utulivu. Mmoja anakuwa wa zamu: anapokea simu zote, anafungua mlango, anaandika maswali. Zamu ibadilike kila siku, na siku yake mtu asipewe kazi ya hesabu ndefu. Wengine wafungue WhatsApp saa 2:30, saa 5:00, saa 8:00 mchana na saa 10:30. Baada ya saa 12:00 jioni ujumbe wa kazi hautumwi. Mkuu anayepata wazo saa 3 usiku aliandike daftarini na alilete asubuhi. Yeye ndiye huvunja kanuni hii wa kwanza, na akiivunja mara mbili imekufa.

Salamu msizipige marufuku. Kuna ofisi zinazoiga utaratibu wa mbali na kufikia kuona "habari za nyumbani" kama kupoteza muda. Asiyeulizwa habari za mgonjwa wake hafanyi kazi vizuri asubuhi hiyo. Zipeni nafasi: saa 2:00 hadi 2:15, kisha dakika kumi za kusimama mbele ya ubao mkianzia kadi zilizo karibu na Imekamilika. Kikao kingine ni Ijumaa, nusu saa. Vingine vyote vifuteni mwezi mmoja muone ni kipi kitadaiwa.

Wiki ya 7 na 8: kupumzika kuwe kwenye ratiba

Chakula cha mchana ni dakika 60 mbali na meza. Baada ya ugali au wali akili hulegea, kwa hiyo saa ya kwanza wekeni kazi nyepesi: kupanga mafaili, kuchapa, kupiga picha risiti. Kuoanisha benki ni kazi ya asubuhi.

Foleni ni sehemu ya siku ya kazi hata kama haipo kwenye mkataba. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kufika mjini saa 2:00 ameamka usiku. Ruhusuni makundi mawili: saa 1:30 hadi 10:30, na saa 3:00 hadi 12:00, kila moja likiwa na saa moja ya mlo, na wote wawepo saa 3:00 hadi 9:00. Mkiwa na makundi haya, salamu na kusimama mbele ya ubao vihamie saa 3:00, kisha utulivu ufuate. Mtu achague na abaki nalo angalau mwezi mmoja. Jumamosi pia itazameni. Saa 9 kwa siku tano ni 45 kamili, ndani ya sheria, na Jumamosi inakuwa huru. Wengine watapenda saa 8 na Jumamosi nusu siku. Ulizeni kwa karatasi ya siri, kwa maana mbele ya mkuu wote watasema "yoyote tu".

Serikali na Halmashauri ya Jiji la Reykjavík huko Aisilandi walijaribu kati ya 2015 na 2019, kwa wafanyakazi zaidi ya 2,500, kushusha wiki kutoka saa 40 hadi 35 au 36 bila kukata mshahara, na sehemu nyingi huduma haikushuka. Walianza kwa kukata vikao na kupanga upya kazi yenyewe. Anayekata saa bila kufanya hivyo anawapa watu kazi ileile ndani ya muda mfupi.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na zinapotea kwa sababu moja: kuna kitu ambacho mtu mmoja tu anakijua. Kila mteja awe na mtu wa pili, na ukurasa wa kwanza wa faili uwe na hali ya kazi, tarehe zijazo, anayezungumza naye upande wa mteja, na tabia za hesabu zake. Kagueni pia namba za siri zinazotumwa kwa simu wakati wa kuingia kwenye mifumo. Zikienda kwenye simu binafsi ya mhasibu, hata akiwa kijijini Rombo kwa likizo ataamshwa. Nunueni laini ya ofisi na zihamishiwe huko, mteja akiwa ameridhia kwa maandishi.

Kumtambua aliyechoka kupita kiasi

Shirika la Afya Duniani linaelezea uchovu wa kazi uliokomaa kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kujiona hafanyi kazi vizuri. Namba 4 na 5 zinazojirudia daftarini baada ya tarehe 20 kupita ni dalili ya kufuatilia.

Msimuulize "unaendeleaje?" Kwa Kiswahili jibu la swali hilo ni "nzuri" au "salama", hata nyumba ikiwa inaungua. Uliza kitu chenye mpini: "Kazi gani wiki hii ungependa mwingine aishike?" au "Faili gani ukiliona moyo unashtuka?" Kisha ondoa kazi hiyo siku ileile. Anayejibiwa kwa nasaha bila kupunguziwa hatasema tena. Akikosa usingizi wiki mbili, akilia bila sababu, au akisema hana haja ya kuishi, hilo si la ofisi kulimaliza: asindikizwe kliniki ya afya ya akili. Muhimbili ipo, na hospitali nyingi za rufaa zina huduma hiyo.

Wiki ya 9 hadi 12: pimeni tena

Rudieni daftari tarehe zilezile. Linganisheni mambo manne tu: siku kuanzia nyaraka kufika hadi ritani kuwasilishwa, idadi ya U, saa zilizofanywa baada ya saa 12 jioni, na wastani wa uchovu. Saa ambazo mtu amekaa kitini msizihesabu kama mafanikio.

Namba tatu za kwanza zikishuka na uchovu ukabaki juu, tazameni S: mara nyingi ni mkuu ambaye bado anakalia sahihi. Uchovu ukishuka na siku za kuwasilisha zisipungue, kikomo cha kadi tatu kimelegea. Hesabuni kadi kwa mikono.

Na kama mwezi umesawazishwa, kurudia kumekwisha, na bado jioni taa zinawaka, basi kazi imezidi watu kweli. Jumlisheni saa za K kwa mwezi, mzigawanye kwa 140, ambazo ni karibu saa halisi za kazi ya mteja anazoweza kutoa mtu mmoja kwa mwezi baada ya kutoa zamu, vikao na siku za kuumwa. Jibu ndilo idadi ya watu mnaowahitaji. Kama fedha ya kuajiri haipo, wekeni orodha ya wateja mezani, muanzie na wale ambao kwa miezi mitatu mfululizo wameleta nyaraka baada ya tarehe 17, na muwape barua ya miezi miwili watafute ofisi nyingine.